Udhuru wa Mama Reki

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa moja kamili asubuhi, watu wapatao arobaini husimama mbele ya choo cha bustani ya mji ili wasomwe majina. Kwa nini mbele ya choo? Kwa sababu ndipo penye bomba la maji na ukuta wa kuegemea, na ndipo lilipo tangi dogo ambalo Kinyozi, katibu wa shughuli zote, huweka daftari lake juu yake na kulisimamia kama hakimu. Usicheke. Kuna vikao vyenye viti vya ngozi na maji ya chupa ambavyo havijawahi kuamua hata nani afunge dirisha.

Ukisomwa jina, unaitika, "Nipo." Kama hupo, mwenzako wa kikundi anakusemea, "Ana udhuru." Kinyozi anaandika herufi U, anaipuliza kana kwamba kalamu yake ni ya kuchovya kwenye wino, kisha anaendelea. Yote huchukua dakika kumi. Baada ya hapo kila kikundi huchukua vifaa vyake na kwenda kwenye kipande chake.

Aliyekuwa akiitika kwa sauti kuliko wote ni mtu aliyeandikwa daftarini kama Bwana Nyasi. "Nipo" yake iliwatimua njiwa juu ya paa la choo. Alikuwa na haki ya kuitika hivyo. Alizikata nyasi za bustani ile kwa miaka thelathini na mmoja akiwa mwajiriwa wa manispaa, na kama kuna mtu anabisha kwamba alikuwa fundi, aje tubishane, maana ubishi hauna ada. Wapo wanaofyeka nyasi, na wapo wanaozinyoa. Huyu alinyoa. Akiusikia mlio wa mashine kutoka upande wa pili wa uzio, alijua kisu kimeanza kuwa butu, na alijua pia ni mvivu gani aliyeishika. Maringo alikuwa nayo, tena ya kugawa. Ukikanyaga nyasi zake zikiwa na umande, alikuuliza kwa adabu kabisa kama kwenu mnapanda kitandani na viatu.

Katika miaka yote hiyo kitu kimoja tu kilimkaa rohoni: wafanyakazi hewa. Kwenye karatasi za manispaa watunza bustani walikuwa tisa. Pale bustanini walikuwa wanne. Hao watano wengine walikuwa na majina, walikuwa na vyeo, mmoja hata alipandishwa daraja, lakini hakuna aliyewahi kuwaona wakisukuma toroli. Jioni mgongo ukimuuma, Bwana Nyasi alimwambia mkewe, "Leo nimefanya kazi yangu na ya watu wawili ambao hawajazaliwa."

Akastaafu. Mwaka huohuo manispaa ikatangaza kwamba haina tena uwezo wa kuitunza bustani, anayeipenda na aisafishe mwenyewe. Miezi mitatu haikuisha, nyasi zikafika magotini na bembea za watoto zikageuka kamba za kuanikia nguo. Ndipo Mwalimu, mama mmoja mstaafu aliyefundisha nusu ya mtaa na kuichapa nusu iliyobaki, alipoita mkutano. Vikundi sita vikaja. Kwaya wakachukua maua ya langoni na ua wa michongoma wa upande wa barabara, vinyozi na wasusi wakachukua njia za miguu, akina mama wa sokoni wakachukua bembea, wakimbiaji wa asubuhi wakachukua uwanja, na wengine wakagawana ua uliobaki na mitaro. Kilibaki kipande kimoja, mteremko ulio nyuma ya choo, ardhi iliyolala kama paa la nyumba. Hapo ukisukuma mashine lazima mguu mmoja uwe chini ya mwingine mpaka unashuka ukichechemea.

Hicho ndicho Bwana Nyasi alichokitaka. Alikipanda yeye na mkewe, shina kwa shina, mwaka ule alioagizwa na wakubwa apande nyasi na asipewe mtu wa kumsaidia. Wakimbiaji nao walikitaka. Kiongozi wao, Fundi Simu, kijana mwenye kibanda cha kutengeneza simu karibu na kituo, alisema nyasi ziondolewe, wamwage changarawe, waweke vyuma vya kufanyia mazoezi.

Bwana Nyasi akasimama. Hapo sikiliza vizuri, maana mdomo wake mwenyewe ndio uliofunga kamba hii.

"Kipande kipewe kikundi," akasema, "na kikundi ni watu watano. Watu wenye miguu. Wanne ni majirani waliokutana njiani. Mtu akiwa na udhuru mara tatu mfululizo, afutwe. Kikundi kikipungua watano, kipande kiende kwa anayekitaka. Mimi nimefanya kazi na hewa miaka thelathini na mmoja. Hapa hewa hatutaki."

Watu wakapiga makofi. Kinyozi akaiandika kanuni hiyo ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu.

"Na wewe kikundi chako kiko wapi, mzee?" Fundi Simu akauliza.

Makofi yakakatika. Bwana Nyasi akatazama kushoto, akatazama kulia, akaanza kuhesabu kwa vidole. Yeye mwenyewe. Mkewe. Shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyehamia kwao kwa wiki mbili na sasa alikuwa ametimiza miaka minne, mtu ambaye mgongo wake uliuma kila alipoona jembe. Binti yake, nesi wa hospitali. Na mpangaji wao, mlinzi wa ghala.

"Huyo mpangaji amekubali?" Mwalimu akauliza.

"Atakubali. Hajawahi kukataa kitu. Hajawahi kusema kitu."

Hivyo ndivyo kilivyoanzishwa kikundi kidogo kuliko vyote, mistari mitano kamili daftarini, bila hata mmoja wa akiba.

Mkewe aliandikwa Mama Reki, na jina lilimfaa. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye mkono mmoja. Mumewe akikata, yeye alifuata nyuma na reki akikusanya. Wala usidhani alifuata kimya.

"Umeacha masharubu hapo."

"Wapi?"

"Pembeni ya jiwe. Au ndio mtindo mpya?"

"Mama, wewe una reki yako, mimi nina mashine yangu. Kila mtu na ofisi yake."

"Ofisi yako ina masharubu, mume wangu."

Akirudi kuyakata, huku ananung'unika, Mama Reki aliegemea reki na kuwaambia kwaya kule chini kwamba mafundi wakubwa wana shida moja, hawaoni vitu vidogo. Watu walicheka, na yeye Bwana Nyasi alikunja uso kwa namna ya mtu anayejizuia asicheke. Kwa miaka miwili mambo yalikwenda hivyo.

Kisha Mama Reki akaanguka. Ilikuwa Jumatano mchana, yuko kwenye cherehani, pini mdomoni na kitambaa cha mteja magotini. Presha. Akalazwa kwenye wodi ileile aliyofanyia kazi binti yake. Ijumaa alfajiri akakata roho, na aliyemfumba macho ni binti yake. Jumapili akazikwa. Bustani nzima ilikuja. Kwaya waliimba, vinyozi na wasusi walibeba jeneza, Fundi Simu alikimbia huku na huko akitafuta viti mpaka shati likalowa. Kwa hiyo ukifika huko mbele usije ukaniuliza kama kuna mtu hakujua. Walijua wote. Waliutupa udongo kwa mikono yao.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ikaja siku sita baadaye. Watu walimwambia Bwana Nyasi apumzike. Akasema nyasi hazijui kupumzika. Binti yake alikuwa kazini siku hiyo, kwa hiyo alikwenda na shemeji na mpangaji.

Alikuwa amejiandaa. Usiku alipanga maneno, na njiani akayarudia kimoyomoyo: Katibu, kabla hujasoma, naomba umfute mke wangu. Sentensi moja, ya kiume, macho makavu. Lakini alifika amechelewa kidogo, na Kinyozi alikuwa ameshaanza. Na Kinyozi, baada ya miaka miwili ya kusoma majina yaleyale, hakuwa akisoma tena kwa macho. Ulimi ulijiendea wenyewe.

"Bwana Nyasi."

"Nipo."

"Mama Reki."

Jina likatoka, na hapo hapo Kinyozi akagundua limetoka. Akabaki mdomo wazi, kalamu hewani. Zilipita pumzi mbili, zile pumzi mbili ambazo kila jina hupewa ili mwenyewe aitike, na katika pumzi hizo Bwana Nyasi akahisi jambo ambalo hakulitegemea kabisa: kwamba mkewe amechelewa. Yuko njiani. Amerudi kuchukua miwani.

"Ana udhuru," akasema.

Kinyozi akamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama viatu vyake. Kinyozi akaandika U. Hakuipuliza.

"Shemeji."

Shemeji alikuwa akimtazama mume wa dada yake. Ilibidi aitwe mara ya pili.

Siku hiyo Bwana Nyasi alikata mteremko wote, kisha akarudi juu, akachukua reki, akaanza kukusanya. Mpangaji alichukua toroli bila kuambiwa. Shemeji, yule wa mgongo, alibeba magunia mawili mpaka shimoni na hakusema kitu kuhusu mgongo. Kazi iliyokuwa ikiisha saa tatu ikaisha saa sita, jua limesimama utosini.

Pale nyumbani kukawa na utaratibu mpya ambao hakuna aliyeupanga. Jina halikutajwa. Shemeji alisema "marehemu dada." Wateja waliokuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa walisema "yule mama," tena kwa sauti ya chini, kama wanaomba msamaha. Binti yake alisema "mama" mara moja mezani, akainuka na kwenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Mpangaji, kama kawaida yake. Bwana Nyasi mwenyewe alijaribu siku moja peke yake chumbani kulitamka kwa sauti, akaishia herufi ya kwanza, akaanza kutandika kitanda.

Basi ikawa hivi: duniani kote pamebaki mahali pamoja tu ambapo mtu husimama, huita "Mama Reki," halafu hunyamaza kumsubiri. Mbele ya choo. Bwana Nyasi akaanza kuhesabu siku kuelekea Jumamosi ya kwanza kama mwanafunzi wa bweni anayehesabu siku za kufunga shule. Ijumaa yake alinyoa ndevu.

Mwezi wa pili Kinyozi hakusoma kwa ulimi. Alisoma kwa macho, polepole, na alipofika kwenye mstari ule alimtazama Bwana Nyasi kumuuliza bila kumuuliza. Bwana Nyasi akamwitikia kwa kichwa. Soma.

"Mama Reki."

Safari hii hakuharakisha. Aliuacha ukimya ujinyooshe. Bomba likadondosha maji, tone, tone. Pale langoni baiskeli ikapita.

"Ana udhuru."

"Basi na sisi tumeanza kuwa na hewa," Fundi Simu akasema.

Hakusema kwa nguvu. Alikuwa anamnong'oneza mwenzake, lakini asubuhi hazifichi kitu. Shingo arobaini zikageuka.

"Fundi," Mwalimu akasema, "hebu kaniletee toroli."

"Toroli si hii hapa mbele yako, Mwalimu."

"Basi kalete nyingine."

Fundi Simu akaenda. Lakini neno lilikuwa limeshafika lilikokuwa linakwenda, na lilimkata Bwana Nyasi maini. Miaka thelathini na mmoja aliwalaani wale watu wa kwenye karatasi, majina bila jasho, na sasa ni nani aliyemweka mkewe katika foleni yao? Mkewe, aliyekuwa na sugu kwenye viganja vyote viwili. Siku hiyo alikata mteremko akaacha mistari iliyopinda, na kwaya kule chini waliona, na hakuna aliyemtania.

Aliyevujisha habari nyumbani ni shemeji. Wiki moja kabla ya majina kusomwa kwa mara ya tatu tangu msiba, binti alirudi kutoka kazini, akavua viatu mlangoni, akamkuta baba yake jikoni anachemsha chai.

"Baba, mjomba ameniambia jambo."

"Mjomba wako ana maneno mengi kwa mtu mwenye mgongo mbovu."

"Unamsemea mama udhuru?"

Bwana Nyasi akapunguza moto. Akauongeza. Akaupunguza tena.

"Nimekosa mara mbili, hii ya tatu lazima niwepo," binti akasema. "Nilitaka nijue nakuja kusikia nini. Ni kwa ajili ya kile kipande? Kama ni kipande, niambie. Nina wenzangu wodini, namwandikisha mmoja, tunakuwa watano."

"Unamwandikisha wapi?"

"Kwenye nafasi ya..."

"Malizia."

Aliketi kwenye kigoda akaanza kukanda miguu yake, maana alikuwa amesimama saa kumi na mbili mfululizo.

"Wewe mara ya mwisho kusikia jina lake ni lini?" baba akauliza.

"Mimi nilimwita mama."

"Haya. Kule wanamwita kwa jina lake. Kinyozi anamwita, halafu anasubiri. Wote wanasubiri. Watu arobaini, mwanangu, wamefunga midomo."

"Wanasubiri nini, baba?"

Chai ikafurika. Aliitoa jikoni kwa mkono mtupu, akajiunguza, akashukuru kujiunguza, maana lilikuwa jambo la kufanya.

"Mimi ndiye niliyekuwa naye," binti akasema, sauti imeshuka. "Wewe ulikuwa nje kwenye benchi. Mimi najua saa na dakika, niliandika mwenyewe kwenye faili lake. Sasa nikisimama pale, ukasema ana udhuru, najijua. Nitageuka kuangalia lango. Na sitaki kuangalia lango, baba. Nikianza kuangalia lango sitaacha."

Bwana Nyasi akammiminia chai kikombeni. Alijikaza kisabuni, hakumwaga hata tone. Hakusema nitamfuta. Hakusema sitamfuta. Walikunywa, wakainuka, kila mtu akaingia chumbani kwake.

Sasa hesabu yenyewe ni nyepesi, hata mimi wa shule ya kuokoteza naiweza. Udhuru wa tatu ukiandikwa, Mama Reki anafutwa kwa kanuni. Akifutwa, wanabaki wanne. Wakibaki wanne, mteremko unakwenda kwa wakimbiaji, changarawe inamwagwa juu ya zile nyasi. Na asipoandikiwa udhuru, aandikiwe nini? Bwana Nyasi alilala na hesabu hiyo wiki nzima, na kila alipoipiga ilitoa jibu lilelile.

Jumamosi alifika mapema kuliko wote, yeye na binti, shemeji na mpangaji nyuma. Si wote. Fundi Simu alikuwa amefika kabla yake, amechuchumaa karibu na bomba. Alipowaona akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Mzee, nakuomba pembeni."

Wakaenda pembeni.

"Mwezi uliopita nilisema neno baya."

"Ulisema kweli."

"Kweli mbaya, basi. Hata mama yangu mzazi aliposikia alinifukuza mezani." Akakuna kisogo. "Sikiliza, mzee. Wakimbiaji tuko kumi na wawili. Nikihama mimi, wanabaki kumi na mmoja, hawapungukiwi kitu. Niandikwe kwako. Mnakuwa watano, kipande kinabaki chenu, nyasi zinabaki."

"Si ulikitaka wewe?"

"Nilikitaka. Sikitaki tena."

"Na hiyo changarawe yako?"

"Tutaruka kamba uwanjani."

Bwana Nyasi akamtazama. Kwa wiki nne nzima alikuwa amemkasirikia kijana huyu, na ile hasira ilimsaidia kuamka kitandani. Sasa na yenyewe inachukuliwa.

"Utaandikwa wapi?" akauliza.

"Kinyozi anasema kila kikundi kina mistari mitano," Fundi Simu akasema, akitazama chini.

Watu wakafika. Wakajipanga. Kinyozi akaweka daftari juu ya tangi, akasoma kwaya, akasoma akina mama wa sokoni. Kisha akafungua ukurasa mwingine na kuulaza kwa kiganja.

"Bwana Nyasi."

"Nipo." Njiwa hawakushtuka.

"Mama Reki."

Pumzi ya kwanza. Ya pili. Bwana Nyasi alikuwa na neno tayari mdomoni, na hata sasa hakuna anayejua lilikuwa lipi. Akamtupia jicho binti yake. Binti alikuwa amesimama wima na sare yake ya kazi, mikono nyuma, amekaza shingo kama askari wa gwaride. Kisha shingo ikamshinda. Taratibu, kama mtu anayevutwa, akageuza uso akatazama lango.

Lango lilikuwa wazi. Hakukuwa na mtu.

"Amefariki," Bwana Nyasi akasema.

Lilikuwa neno dogo kuliko alivyodhani. Akalirudia, maana aliona Kinyozi hajasogeza kalamu.

"Amefariki, katibu. Mfute."

"Mzee, hata mwezi ujao tunaweza..."

"Kanuni niliileta mimi."

"Kanuni ni wino tu," Mwalimu akasema. Alikuwa amevua miwani, na bila miwani alionekana mzee sana. "Mimi nimefuta mbao nyingi maishani, hii haitanishinda. Tukitaka tutamwacha hapo mpaka daftari liishe."

"Mwalimu, nakushukuru. Lakini mke wangu alikuwa akija na miguu yake. Kila mwezi, hata na homa alikuja. Hakuwa hewa hata siku moja." Akawageukia wote. "Mimi ndiye niliyeanza kumfanya hewa. Nisaidieni niache."

Kinyozi alitafuta rula, hakuna. Akatoa kitana mfukoni mwa shati, kile cha kazini, akakilaza kwenye mstari, akapitisha kalamu taratibu. Kwa ukimya uliokuwepo, watu wa mbele walisikia kalamu ikikwaruza. Juu ya mstari akaandika kitu kwa herufi ndogo.

"Fundi Simu," akasoma.

"Nipo."

"Shemeji."

"Nipo," shemeji akasema, na sauti ikamkatikia katikati, mtu mzima yule, mpangaji akamshika bega.

"Nesi."

"Nipo."

"Mpangaji."

"Nipo," mpangaji akasema, na wengi walikuwa hawajawahi kuisikia sauti yake.

Kinyozi akafungua ukurasa wa vinyozi na wasusi. Majina yakaenda mbio, nipo, nipo, nipo, hakuna pengo hata moja, na Bwana Nyasi alisimama pale akiyasikiliza kama anayesubiri kitu ambacho kimeshampita.

Wakapanda mteremko. Sasa fikiria: kwa miezi miwili mteremko ule ulitunzwa na mtu mmoja na nusu. Leo walikuwa watano, tena watano wa kweli. Fundi Simu na miguu yake ya kukimbia alivuta reki akipanda na kushuka kama anashindana na mtu. Nesi aling'oa magugu pembezoni, akiwa amekunja mikono ya sare. Shemeji na mpangaji walipokezana toroli. Bwana Nyasi alikata, na alikata vizuri, mistari imenyooka kama ya daftari jipya. Hakukuwa na masharubu hata kwenye jiwe. Hakukuwa na mtu wa kumwambia hivyo, wala wa kumsingizia kwamba yapo.

Saa tatu kasorobo kazi ikaisha.

Akazima mashine. Alishazoea kumaliza saa sita akiwa hoi, miguu haina nguvu, akifika nyumbani anaanguka kitandani na siku inakuwa imekwisha yenyewe. Leo jua bado lilikuwa la upole. Siku nzima ilikuwa mbele yake, haijaguswa.

"Baba, twende nyumbani," binti akasema. Macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa anajaribu kutabasamu. "Leo niko huru mpaka jioni. Tutakaa tu."

"Tangulieni. Nakuja."

"Unabaki kufanya nini? Kazi imekwisha."

"Nasafisha kisu."

Wakatangulia. Alikisafisha kisu cha mashine, ambacho kilikuwa kisafi. Akaifunika mashine, akaingiza kibandani, akafunga, akaujaribu mlango mara mbili. Kisha akateremka mpaka langoni. Kwaya walikuwa wameshamaliza na wao, wameketi kwenye ukingo wa maua wakivua glavu na kupiga soga. Walipomwona soga likakatika.

"Mna kazi yoyote iliyobaki?" akauliza. "Nina muda."

Hakukuwa na kazi. Maua yalikuwa yamepaliliwa, majani yameshatolewa, mifagio imeshaegemezwa. Kiongozi wa kwaya, mama mnene anayeimba sauti ya tatu, alimtazama usoni, akawatazama wenzake, akaelekeza kidole upande wa barabara.

"Ule ua pale," akasema. "Haujakatwa, kaka. Umetushinda."

Ulikuwa umekatwa jana yake jioni. Vipande vya matawi bado vilikuwa vibichi chini yake. Bwana Nyasi aliviona. Akanyoosha mkono, mama akampa mkasi mkubwa wa ua, na wale kwaya wakainuka mmoja mmoja wakasogeza magunia kumpisha. Akaenda upande wa kushoto, mwanzo kabisa, akaanza kukata.